Kikosi cha Zimamoto cha Berlin

Kikosi cha Zimamoto cha Berlin, kwa Kijerumani Berliner Feuerwehr, ni idara ya serikali ya jiji la Berlin yenye kazi ya kuzima moto, kuokoa watu na kuhudumia wagonjwa wa dharura. Kilianzishwa tarehe 1 Februari 1851, na ndicho kikongwe kuliko vikosi vyote vya zimamoto wa kuajiriwa nchini Ujerumani. Berlin ni jiji na papo hapo ni jimbo, kwa hiyo kikosi kinawajibika kwa mamlaka ya mambo ya ndani ya jimbo, na mkuu wake huitwa Landesbranddirektor.

Ukiiangalia historia yake kwa juu juu, utaona farasi wakiondoka na injini zikiingia. Kilicholigusa jiji zaidi ni suala la amri: nani anawaambia zimamoto waende, na nani anaweza kuwazuia. Katika miaka yake 170 na zaidi, kikosi hiki kimekuwa chini ya polisi wa mfalme, halmashauri ya jiji, dola ya Wanazi na serikali mbili zilizokuwa hazisalimiani, na kila bwana aliacha alama yake.

Kabla ya 1851

Berlin iliungua vibaya mwaka 1380, na kwa karne nyingi baada ya hapo ilijikinga kama miji mingine ya Ulaya: walinzi wa usiku, kengele za kanisa, ndoo za ngozi majumbani, na wajibu wa kila mwenye nyumba kutoka kusaidia. Utaratibu huo uliutosha mji mdogo. Karne ya 19 ilipoingia, Berlin ilikuwa mji mkuu wa Prussia, unaojaa watu kwa kasi, na kila moto mkubwa ulianika udhaifu uleule. Ukumbi wa maigizo wa Gendarmenmarkt uliteketea mwaka 1817. Agosti 1843 likafuata jumba la opera la kifalme katika barabara ya Unter den Linden, hatua chache kutoka ikulu. Ndoo za ngozi hazikuwa na la kufanya mbele ya paa la opera.

Scabell na Hinckeldey

Mapinduzi ya Machi 1848 yalimtia hofu Mfalme Friedrich Wilhelm IV, na mwaka huohuo akamteua Karl Ludwig von Hinckeldey kuwa mkuu wa polisi wa Berlin. Hinckeldey alikuwa mtu mkali aliyechukiwa na wapenda uhuru, lakini alijua kuendesha mji. Chini yake kikosi kikaundwa, na Ludwig Carl Scabell akawekwa kukiongoza. Scabell alikaa kwenye wadhifa huo hadi 1875. Robo karne chini ya mtu mmoja ni muda mrefu, na miji mingi ya Ujerumani ilipoanzisha vikosi vyake iliiga aliyoyafanya Berlin.

Mpango wao ulikuwa na nguzo tatu zilizotegemeana. Ya kwanza ni watu wa mshahara, wenye nidhamu ya kijeshi na zamu zinazojulikana, wanaolala kituoni. Ya pili ni taarifa: mwaka 1851 kampuni changa ya Siemens & Halske iliviunganisha vituo kwa nyaya za telegrafu. Awali habari ya moto ilisafiri kwa miguu na kwa kengele. Sasa ilifika vituo vyote kwa wakati mmoja, na kituo kilijua mahali pa kwenda kabla farasi hawajafungwa kwenye gari. Ya tatu ni maji. Mwaka 1852 ulisainiwa mkataba na wawekezaji wa Kiingereza, na mwaka 1856 mtambo wa maji wa Stralauer Tor ukaanza kazi. Wenyeji wengi walikuwa na visima vyao na hawakuona sababu ya kulipia maji ya bomba, lakini polisi walikuwa na haja nayo: kusafisha mifereji ya barabarani na kuzima moto.

Hapo pana jambo ambalo vitabu vya sifa hulipita haraka. Usafi wa barabara nao ulikabidhiwa kikosi mwaka huohuo wa 1851. Mwajiriwa wa ngazi ya chini kabisa alishika ufagio siku zisizo na moto na pampu siku za moto. Ulikuwa ubahili wa Hinckeldey, lakini ubahili wenye akili, kwa maana pampu za mkono zilihitaji mikono mingi, na mikono hiyo ingekaa bure siku nzima. Jiji lilichukua kazi ya usafi mikononi mwake mwaka 1875. Hinckeldey hakuyaona hayo, kwani alipigwa risasi na kufa katika pambano la bastola la watu wawili mwezi Machi 1856.

Kwa miongo mingi jiji ndilo lililolipa na polisi wa mfalme ndio walioamuru. Madiwani walinung'unika, na haki ilikuwa upande wao.

Kutoka enzi hiyo kimebaki kituo cha Oderberger Straße mtaani Prenzlauer Berg, kilichojengwa mwaka 1883 na kinachotumika hadi leo. Milango yake ilitengenezwa kwa magari ya farasi, na waendeshaji wa leo hulazimika kuchagua magari yanayopita humo.

Berlin Kubwa na kifo cha Gempp

Tarehe 1 Oktoba 1920 Berlin ilimeza miji na vijiji vilivyoizunguka, ikafikia wakazi karibu milioni 3.9. Charlottenburg, Schöneberg na miji mingine iliingia na vikosi vyake vya kuajiriwa, na vijiji vikaja na zimamoto wao wa kujitolea. Kuunganisha watu hao, mipira ya maji isiyolingana na vyeo visivyofanana haikuwa kazi ya siku moja. Walter Gempp, mhandisi aliyeshika uongozi mwaka 1923, ndiye aliyeongoza kikosi cha jiji hilo jipya.

Usiku wa tarehe 27 Februari 1933 jengo la bunge, Reichstag, liliwaka moto. Gempp alikuwapo. Wiki chache baadaye alifukuzwa kazi, akidaiwa kuwavumilia wakomunisti kikosini. Magazeti ya nje yaliandika kwamba alikuwa amelalamika juu ya namna zimamoto walivyoitwa usiku ule. Habari hizo zilikanushwa, na wanahistoria bado wanabishana juu ya moto wenyewe. Mwaka 1937 alikamatwa kwa madai ya rushwa na akahukumiwa kifungo. Tarehe 2 Mei 1939 alikutwa amekufa katika chumba chake cha mahabusu.

Kuanzia tarehe 9 Novemba 1938 masinagogi yalichomwa nchi nzima, na zimamoto waliagizwa kulinda nyumba za jirani tu. Katika Fasanenstraße huko Charlottenburg ndivyo ilivyokuwa: maji yalielekezwa kwenye kuta za majirani, sinagogi likaachwa liteketee. Katika Oranienburger Straße mambo yalikwenda tofauti. Polisi wa kituo cha karibu, kilichoongozwa na Wilhelm Krützfeld, waliwafukuza wachomaji kwa hoja kwamba jengo lile linalindwa kisheria kama urithi wa taifa, kisha zimamoto wakaitwa na wakazima. Watu wa kikosi kilekile, wenye pampu zilezile, walitazama hapa na kuzima kule. Kila anayetaka kujitetea kwamba hapakuwa na la kufanya hukutana na anwani hiyo ya pili.

Wiki mbili baadaye, tarehe 23 Novemba 1938, sheria mpya ya dola iliwageuza zimamoto wa miji mikubwa kuwa tawi la polisi, na magari yao yakapakwa rangi ya kijani. Vita vikaleta mabomu, hasa kuanzia Novemba 1943, kwa kiwango ambacho hakuna kikosi duniani kingeweza kukimudu.

Jiji lililogawanyika

Mwishoni mwa 1948, wakati Wasovieti wamezifunga njia za kuingia Berlin Magharibi, utawala wa jiji ulivunjika vipande viwili na kikosi kikavunjika nao. Mashariki zimamoto wakawa sehemu ya Polisi ya Umma chini ya wizara ya mambo ya ndani. Magharibi waliendelea kama idara ya kiraia.

Ukuta wa Berlin ulipoanza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961, mtaa wa Bernauer Straße uligeuka kuwa mahali pa ajabu. Nyumba za upande mmoja zilikuwa Mashariki, lakini njia ya waendao kwa miguu mbele ya milango yake ilikuwa Magharibi. Milango ikazibwa, kisha madirisha ya chini, na watu wakaanza kuruka kutoka ghorofa za juu. Zimamoto wa Magharibi walisimama chini na kitambaa cha kuokolea, kile cha turubai kinachoshikwa kwa mikono ya watu wengi pande zote. Anayeruka hutakiwa aangukie katikati, na walioshika hutakiwa waegemee nyuma wote kwa pamoja, la sivyo uzito unakivuta kitambaa hadi chini. Wengi waliokolewa. Tarehe 22 Agosti mwanamke wa miaka 58 alitupa matandiko yake dirishani na kuyafuata kabla zimamoto hawajakunjua kitambaa, akafa. Tarehe 4 Oktoba kijana wa miaka 22, akikabiliwa na polisi juu ya paa, aliruka na kukikosa kitambaa kwa mita chache. Hali hiyo haikuwamo katika mafunzo yoyote: mtu anakimbia askari, moto haupo, na mwokoaji haruhusiwi kupandisha ngazi kwenye ukuta ulio mbele yake.

Mto Spree ulikuwa mbaya zaidi. Kando ya Gröbenufer, wilayani Kreuzberg, ukingo ulikuwa wa Magharibi lakini maji yote, hadi ukingoni, yalihesabiwa kuwa ya Mashariki. Kati ya 1966 na 1975 watoto watano wa Magharibi walitumbukia hapo wakicheza na kufa maji. Wazamiaji wa zimamoto walifika na vifaa vyao, wakasimama ukingoni. Kuingia majini bila idhini kulimaanisha kuvuka mpaka mbele ya walinzi wenye silaha. Mtoto wa mwisho alizama Mei 1975, siku aliyotimiza miaka mitano. Wazazi na wakazi waliandamana, na tarehe 29 Oktoba mwaka huo pande mbili zikasaini makubaliano yaliyowaruhusu waokoaji wa Magharibi kuingia mtoni. Ukingo huo tangu 2010 unaitwa May-Ayim-Ufer, kwa heshima ya mshairi Mjerumani mwenye baba Mghana. Jina la zamani lilimtukuza mtu aliyejenga ngome ya kikoloni katika pwani ya Ghana ya leo.

Vikosi viwili viliungana tena pamoja na nchi, Oktoba 1990.

Muundo wa leo

Jiji zima linahudumiwa na vituo zaidi ya 30 vya waajiriwa na vikosi zaidi ya 50 vya kujitolea, vingi vikiwa katika maeneo ya pembezoni yaliyokuwa vijiji kabla ya 1920. Baadhi ya vikosi hivyo vya kujitolea vina eneo lao la kuitikia wito. Vingine hutoka pale waajiriwa wanapoelemewa, mathalani dhoruba inapoangusha miti mtaa mzima. Chini yao kuna vikosi vya vijana.

Simu ya 112 hupokelewa katika chumba kimoja cha mawasiliano kwa ajili ya jiji lote. Gari la kawaida la kuzima moto hutoka na watu sita. Kuna pia gari la ngazi la aina ya 23/12, maana yake ngazi yake hufikisha mwokoaji urefu wa mita 23 gari likiwa limesimama mita 12 kutoka jengo.

Hata hivyo kazi kubwa imekwishahama. Katika miaka ya hivi karibuni kikosi huitwa zaidi ya mara 500,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa mno ya wito huo ni wagonjwa. Moto haufiki hata mmoja katika ishirini. Sheria ya jimbo imekipa kikosi jukumu la huduma ya dharura, na mashirika kama Msalaba Mwekundu, Johanniter na Malteser huendesha baadhi ya magari ya wagonjwa chini yake. Kwa kushirikiana na hospitali ya Charité, kikosi kina pia gari lenye mashine ya kupiga picha za ubongo, ili mgonjwa wa kiharusi aanze kutibiwa barabarani. Magari ya wagonjwa zaidi ya asilimia 80 yakiwa kazini, hutangazwa hali ya dharura ya huduma. Mwaka 2022 tangazo hilo lilitolewa mara nyingi kiasi kwamba liliacha kuwa habari. Zimamoto wenyewe walikuwa wamekwishapiga kelele: mwaka 2018 waliwasha moto ndani ya pipa mbele ya ofisi ya meya na kuulinda kwa wiki kadhaa, wakidai watu zaidi na mishahara bora.

Agosti 2022 walikumbana na moto usiokaribika. Uwanja wa polisi wa kulipulia mabomu ya zamani, ndani ya msitu wa Grunewald, uliwaka na milipuko ikaanza. Kikosi kilirudi nyuma mita 1,000 na kuuacha moto ndani ya duara hilo, huku barabara kuu ya Avus na reli zikifungwa. Jeshi likaleta kifaru cha uhandisi kusaidia. Zaidi ya hekta 40 ziliungua. Baadhi ya silaha zilizohifadhiwa pale zilitoka katika vita vilevile vya 1939 hadi 1945.

Mwombaji kazi kwa njia ya kawaida hutakiwa awe na ufundi mwingine tayari, useremala au umeme kwa mfano, kisha husoma kwa miezi 18, na mafunzo ya huduma ya dharura kwa wagonjwa yakiwa sehemu ya lazima. Mwaka 2021 kikosi kilianza kujaribu gari la kuzima moto linalotumia umeme, lililotengenezwa na kampuni ya Rosenbauer ya Austria, likiwa na injini ndogo ya dizeli ya akiba kwa kazi zinazorefuka kupita uwezo wa betri.