Upweke wa Utotoni na Mapenzi ya Ukubwani katika Manga ya Japani

Methali isemayo kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo hutajwa zaidi panapozungumzwa adabu na kazi. Walakini malezi hufunza jambo jingine lililo zito kuliko hayo, nalo ni namna ya kupenda na kupendwa. Mtoto aliyelia akabebwa hujua, bila ya kuambiwa, kuwa ana thamani na kuwa aondokaye hurudi. Aliyelia asisikiwe hujifunza kinyume chake, na somo hilo huenda nalo hata ukubwani, mpaka nyumbani kwa mume au mke. Manga, yaani hadithi za picha za Japani, na hasa zile zilizoandikwa kwa ajili ya wasichana, zimelifuatia jambo hili kwa subira kubwa. Historia yake katika hadithi hizo ni historia ya swali moja lililobadilika. Kwanza liliulizwa kama mtoto aliyeachwa atampata mama yake. Baadaye likaulizwa atampendaje mtu mwingine akiwa hakumpata.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, miji mingi ya Japani ilikuwa majivu. Hesabu ya serikali ya mwaka 1948 ilionyesha mayatima zaidi ya 120,000, na baadhi yao walilala katika vituo vya gari la moshi, wakiishi kwa kung'arisha viatu na kuombaomba. Si ajabu kwamba manga ya miaka iliyofuata ilijaa watoto wasio na wenyewe. Tezuka Osamu alianza mwaka 1952 hadithi ya Tetsuwan Atom, ambamo Daktari Tenma anaunda mtoto wa chuma kwa sura ya mwanawe aliyekufa, kisha anamuuza kwa watu wa sarakasi alipoona kuwa hakui. Magazeti ya wasichana, kama Nakayoshi lililoanza mwaka 1954 na Ribon la mwaka 1955, yalipendwa katika zama ambazo visa vya binti aliyetengana na mama yake vilikuwa vingi. Machozi yalitiririka, na dawa ilikuwa moja: kukutana na mama. Hapo hadithi ilikwisha, kana kwamba kidonda cha miaka kumi hupona kwa kukumbatiwa mara moja.

Katika miaka hiyo hiyo wataalamu nao walikuwa wakiulizana juu ya mayatima wa vita. Mwingereza John Bowlby aliandika mwaka 1951, kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani, taarifa iliyodai kuwa mtoto huhitaji mapenzi ya mlezi mmoja wa kudumu kama anavyohitaji chakula. Mary Ainsworth, aliyefanya kazi pamoja naye London, alikwenda Uganda, na katika miaka ya 1954 na 1955 akazitembelea mara kwa mara familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala. Aliona kuwa mtoto mwenye yakini na mama yake hutambaa mbali, hugeuka kumtazama, kisha huendelea na mchezo. Asiye na yakini hung'ang'ania na kulia hata akiwa mapajani. Matokeo hayo yalitoka katika kitabu mwaka 1967. Huko Japani kwenyewe, daktari wa maradhi ya akili Doi Takeo alichapisha mwaka 1971 kitabu juu ya neno amae. Msomaji wa Kiswahili halihitaji kamusi kubwa kulielewa, kwa maana lugha yake inalo neno lililo jirani nalo: kudeka. Mtoto hudeka kwa yule tu anayeamini kuwa hatamwacha. Aliyekosa wa kumdekea huingia katika mapenzi na deni ambalo mpenzi wake hakulikopa.

Deni hilo ndilo lililochorwa na kizazi cha wanawake waliozaliwa karibu na mwaka 1949, ambao ni mwaka wa 24 wa enzi ya Showa. Kabla yao, sehemu kubwa ya manga ya wasichana iliandikwa na wanaume. Mmoja wao, Hagio Moto, alitoa mwaka 1974 hadithi ya Thomas no Shinzo, yaani moyo wa Thomas, iliyo katika shule ya bweni ya wavulana huko Ujerumani. Humo yumo Oskar, aliyeachwa shuleni na mtu aliyemlea, asirudi tena. Oskar anajua siri kuwa mkuu wa shule ndiye baba yake wa kweli, naye anangoja kuambiwa. Aliyezoea kungoja kwa baba hungoja vile vile kwa ampendaye: anampenda Juli, mwenziwe wa chumbani, wala hathubutu kudai.

Hagio alilirudia jambo hili kwa ukali zaidi mwaka 1992 katika hadithi fupi ya binti kenge. Mama anapomtazama binti yake Rika huona mnyama, na Rika naye akijitazama katika kioo huona alichokiona mama. Kwa hiyo hawezi kuamini kuwa mwanamume aweza kumpenda. Anaolewa, anazaa mtoto mwenye sura ya kibinadamu, na moyo wake hausisimki kwa mtoto huyo. Mama anapokufa, Rika anafunua uso wa maiti na kuuona ni uso wa kenge. Aliyemnyima mapenzi alikuwa na uchungu ule ule, naye hakuweza kutoa asichokuwa nacho.

Ai Yazawa aliipeleka habari hii mjini, miongoni mwa vijana wa muziki wa Tokyo, katika hadithi ya Nana, iliyoanza kutoka mfululizo mwaka 2000 na kusimama mwaka 2009 kwa ugonjwa wa mwandishi. Nana Osaki aliachwa na mama yake akiwa na umri wa miaka 4, akalelewa na bibi mkali. Mpenzi wake Ren ni yatima. Ren huvaa kufuli shingoni, na ufunguo wake anao Nana. Wapenzi wengi wangeiona kufuli hiyo kuwa pambo. Kwa hawa wawili ni sheria. Nana anajivunia kutomhitaji mtu, lakini pumzi humpaa akihisi kuwa anaachwa. Yazawa hakuacha fundisho hilo liwe jepesi mno, kwa maana Nana wa pili, Komatsu, ametoka katika nyumba yenye wazazi na furaha, naye pia hupenda kwa pupa akaumia. Hivyo kupuuzwa utotoni si asili ya kila penzi baya. Ni asili mojawapo.

Ufafanuzi mpana kuliko wote umo katika Fruits Basket ya Natsuki Takaya, iliyotoka kuanzia mwaka 1998 hadi 2006. Baadhi ya watu wa ukoo wa Sohma hugeuka wanyama wakikumbatiwa na mtu wa jinsia nyingine; basi wasiokumbatiwa na mama zao hawawezi kukumbatiwa na wapenzi wao. Mkuu wa ukoo, Akito, alizaliwa mwanamke akalelewa kama mwanamume kwa amri ya mama asiyempenda. Baba alimwambia kuwa amezaliwa apendwe, kisha akafa. Akito anadai mapenzi kama mfalme adaivyo kodi, na Hatori alipoomba ruhusa ya kuoa alimjeruhi jicho. Kijana Yuki, aliyetolewa na mama yake akae na Akito na kufungiwa katika chumba cha giza, anadhani anampenda Tohru, mpaka siku anapokiri kuwa alichokitafuta kwake ni mama. Baada ya kulipa hitaji lake jina lake halisi, ndipo anapoweza kumpenda Machi kama mtu aliye sawa naye.

Mwaka 1987 Wamarekani Cindy Hazan na Phillip Shaver walitoa uchunguzi uliosema kuwa mapenzi ya watu wazima hufuata njia za mtoto na mlezi wake: wako watulivu, wako wang'ang'anizi, na wako wakwepaji. Oskar alikuwa amekwisha kuchorwa miaka 13 kabla. Walakini sifa ya waandishi hawa haimo katika kutangulia tu. Walikataa kumalizia hadithi kwa kukutana na mama, na wakakataa pia kumfanya mpenzi kuwa tabibu. Kyo wa Fruits Basket, aliyelaumiwa na baba kwa kifo cha mama yake, alichukuliwa na mwalimu wa sanaa za mapigano, Kazuma, akawa mwanawe. Kazuma hakuwa mzazi wake wala mpenzi wake. Alikuwa mtu mzima aliyebaki. Aghalabu hilo ndilo alilolikosa mtoto, na aweza kupewa hata akiwa amechelewa.