Jinsi ya kusoma takwimu za nguvu za mwendeshaji baiskeli

KIJANA anayebeba mitungi ya maziwa kwa baiskeli katika vilima vya Cherangany, karibu na Kachibora, Kaunti ya Trans Nzoia, huujua ukali wa mlima kwa jasho lake. Mwendeshaji baiskeli wa kulipwa huujua kwa nambari pia, na nambari hiyo yaweza kumjengea jina au kumharibia.

Nambari yenyewe hupimwa kwa wati. Kifaa kinachofungwa kwenye pedali, kwenye kranki au kwenye kitovu cha gurudumu hupima msukumo wa mguu pamoja na kasi ya mzunguko. Kutokana na viwili hivyo, hukokotoa nguvu inayotumika kila sekunde.

Mlimani, wati pekee hazitoshi. Hugawanywa kwa uzito wa mwanamichezo, kwa sababu kila kilo sharti ipandishwe. Tuchukue mfano wa kijana wa kilo 60 mwenye baiskeli na maziwa ya kilo 40, anayepanda mita 100 kwenda juu kwa dakika 10. Kuushinda mvuto wa ardhi pekee humgharimu takriban wati 163, yaani wati 2.7 kwa kila kilo ya mwili wake.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na kulelewa kimchezo na David Kinjah huko Kikuyu kabla ya kuanza kuiwakilisha Uingereza. Mnamo Julai 14, 2015, katika mkondo wa 10 wa Tour de France, aliwaacha wapinzani wake kwenye mlima wa La Pierre-Saint-Martin wenye urefu wa kilomita 15.3 na mwinuko wa wastani wa asilimia 7.4.

Siku chache baadaye runinga ya Ufaransa, France 2, ilipeperusha makadirio kuwa alitumia wati 7.04 kwa kilo, kiwango kilichozua shaka kubwa. Wakati huo tayari mtazamaji mmoja alikuwa amemrushia mkojo barabarani, akimshutumu kwa kutumia dawa za kusisimua misuli.

Kikosi chake, Team Sky, kilijibu kwa kutoa takwimu za kifaa: wastani wa wati 414 kwa takriban dakika 41 na nusu, na mapigo ya moyo 158 kwa dakika. Makadirio ya runinga yalichukua uzito wa kilo 71. Kikosi kilisema alikuwa na kilo 67.5. Wati 414 zikigawanywa kwa 67.5 huwa 6.13. Isitoshe, gia yake ya mbele haikuwa ya mviringo kamili, na kikosi kilieleza kuwa umbo hilo lilikifanya kifaa kuzidisha kipimo kwa takriban asilimia 6. Baada ya marekebisho, jibu likawa 5.78.

Msomaji aweza kulipima dai hilo mwenyewe. Mlima huo hupanda takriban mita 1,130. Kuinua mwili na baiskeli, jumla ya kilo 75 hivi, kwa muda huo huhitaji karibu wati 335. Ukiongeza upepo na msuguano wa magurudumu, unakaribia wati 390 za kikosi. Ukichukua 7.04 kwa kilo 71, unapata wati 500, kiasi kisichoelezeka kwa urahisi.

Mwezi Agosti mwaka huo, Froome alipimwa katika maabara jijini London. Matokeo yaliyochapishwa Desemba yalionyesha kuwa aliweza kudumisha takriban wati 419 akiwa na kilo 69.9, yaani karibu 6 kwa kilo.

Hata hivyo, hesabu hizo hazithibitishi usafi wa mwanamichezo, kama vile zisivyothibitisha hatia yake; kazi hiyo ni ya vipimo vya damu na mkojo. Zinachoonyesha ni iwapo kilichodaiwa kinawezekana.

Kwa kocha anayesaka vipaji Kachibora, funzo ni wazi: apime uzito siku hiyo hiyo, asahihishe kifaa kabla ya safari, na aandike muda na mwinuko. Akumbuke pia kwamba kilele cha La Pierre-Saint-Martin kiko mita 1,610 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kachibora iko juu zaidi ya hapo. Hewa ikiwa nyepesi, misuli hupata oksijeni kidogo na wati hupungua. Kijana anayeonyesha nambari ya chini huku huenda akawa na nguvu kuliko karatasi inavyosema.