Samaki wa Ijumaa: Historia ya Kitoweo cha Ziwa Victoria



Ndugu wapendwa, katika Kwaresima iliyopita, baada ya Njia ya Msalaba, mama mmoja mtu mzima alinisubiri mlangoni mwa kanisa akaniuliza: “Baba Paroko, siku hizi kilo ya sato imeipita kilo ya nyama. Nikila sato siku ya Ijumaa, nimejinyima nini?” Nilimjibu kwa kifupi, naye akaondoka akitabasamu, lakini nikabaki nikijua kwamba jibu langu halikutosha. Swali lake lilikuwa zito kuliko nilivyolichukulia. Kwa hiyo katika tafakari ya juma hili naomba turudi nyuma, tuitazame historia ya samaki wa ziwa letu: namna alivyovuliwa, alivyosafishwa, alivyohifadhiwa, na hasa ni nani aliyemla.

Tuanze na mfungo wenyewe. Desturi ya Wakristo kuacha nyama siku ya Ijumaa ni ya kale sana. Msingi wake haukuwa kwamba nyama ni najisi. Nyama ilikuwa chakula cha sherehe, na samaki alikuwa chakula cha watu wa kawaida. Huko Ulaya ya zamani, watu walioishi mbali na bahari walitegemea samaki wa chumvi waliosafirishwa kwa mapipa, na watawa wengi walichimba mabwawa ya samaki karibu na monasteri zao. Mwaka 1966 Papa Paulo VI, katika hati yake juu ya kitubio, alifafanua upya sheria hiyo, na Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinatutaka bado tujinyime nyama, au chakula kingine kadiri ya maelekezo ya Baraza la Maaskofu. Sheria hiyo inachukulia kwamba mezani samaki ni mnyenyekevu kuliko nyama. Je, kwetu hali ni hiyo hiyo?

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na ni mali ya nchi tatu: Tanzania, Uganda na Kenya. Kabla ya nyavu za kisasa, wakazi wa mwambao walivua kwa migono na matega ya kusuka, kwa ndoana, kwa mikuki, na kwa uzio wa matete uliowekwa midomoni mwa mito wakati samaki wanapopanda kutaga mayai. Waliwapata ngege, ningu, kambale, kamongo, furu na wengine wengi. Tatizo lao kubwa halikuwa kumpata samaki. Tatizo lilikuwa saa chache zinazofuata.

Samaki akishakufa, mwili wake hukakamaa kwa muda, kisha hulegea, na kuanzia hapo kuoza hakuna simile. Vimeng'enya vilivyomo tumboni huanza kuila nyama kutoka ndani, na vijidudu vilivyokuwa kwenye matamvua, utelezi na matumbo huingia kutoka nje. Katika joto la kwetu, samaki aliyevuliwa alfajiri na kuachwa bila kushughulikiwa huweza kuwa ameharibika kabla ya giza kuingia. Historia ya samaki katika ukanda huu, basi, ni historia ya watu waliokimbizana na jua, na walio wengi kati yao walikuwa wanawake.

Mwanaume alileta mtumbwi ufukoni, mwanamke akaanza kazi. Alimpaa samaki magamba kuanzia mkiani kuelekea kichwani, akampasua, akatoa matumbo kwa uangalifu asije akapasua nyongo, akang'oa matamvua na kuosha damu iliyoganda kando ya uti wa mgongo. Ngege alipasuliwa, akatandazwa kama kitabu kilichofunguliwa na kuanikwa juani. Samaki wenye mafuta mengi walibanikwa juu ya uchanja, kwa moto mdogo wenye moshi mwingi. Kambale na kamongo, ambao huweza kupumua hewa, waliwekwa hai kwa muda katika majani mabichi yenye unyevu, na hiyo ilikuwa njia bora ya kuhifadhi kupita zote. Samaki mkavu aliweza kusafiri. Alibebwa kichwani hadi kwa wakulima na wafugaji wa bara, akabadilishwa na nafaka. Hivyo mwanamke wa mwaloni alikuwa mhifadhi, mchuuzi na mlinzi wa ghala la nyumba, vyote kwa pamoja.

Tusifikiri kwamba kila mtu alikula kila samaki. Katika Buganda, kwa mfano, watu wa ukoo wa Mmamba hawali kamongo kwa sababu ndiye mwiko wa ukoo wao. Wazee wetu walijua kujinyima kabla hawajafundishwa katekisimu.

Mabadiliko yalikuja kwa reli na kwa uzi. Mwaka 1901 reli ya Uganda ilifika ziwani mahali tunapopaita leo Kisumu, na mwaka 1905 nyavu za kunasa matamvua, zilizotengenezwa viwandani, zikaingizwa katika ghuba ya Kavirondo. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Ghafla samaki hakuwa tena kitoweo cha jirani tu. Alikuwa bidhaa ya kupelekwa mjini. Ngege akavuliwa kupita kiasi. Katika miaka ya 1927 na 1928 mtaalamu Mwingereza, Michael Graham, alilizunguka ziwa akachunguza, na taarifa yake iliyochapwa mwaka 1929 ilipendekeza nyavu zisiwe na matundu chini ya inchi 5. Aliongeza pia onyo: kuingiza samaki mkubwa mla samaki kutoka mahali pengine ni jambo la hatari kubwa, lisifanywe bila utafiti wa kutosha.

Onyo hilo halikufuatwa. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara aliingizwa ziwani. Ni samaki anayeweza kufikia urefu wa karibu mita 2 na uzito wa kilo 200. Kwa miaka mingi hakuonekana sana, lakini katika miaka ya 1980 alilijaza ziwa. Furu, waliokuwa wa mamia ya aina zisizopatikana mahali pengine popote duniani, wakapungua vibaya, na aina nyingi hazikuonekana tena. Sangara hakuwa sababu pekee: uchafuzi wa maji na uvuvi wenyewe vilichangia. Lakini yeye ndiye aliyewameza.

Hapa ndipo akina mama wa mwaloni walipopata mtihani. Maarifa waliyorithi yalikuwa ya ngege na furu. Sangara mkubwa ana mafuta mengi, na nyama yake ni nene. Ukimwanika kama ngege, huoza kabla hajakauka. Mwanzoni wengi hawakumpenda. Taratibu wakajifunza: wakamkata vipande, wakambanika kwa moto mrefu, wakamkaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Wapo wavuvi waliompa sangara jina la mkombozi, kwa jinsi alivyoleta fedha. Lakini moshi unataka kuni. Samaki aliyekaushwa na jua hakudai mti. Sangara alidai, na miti ya visiwani na mwambaoni ikalipa.

Kisha vikaja viwanda. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, viwanda vya minofu vilijengwa Kisumu, Mwanza, Musoma na Uganda. Barafu ikaingia mialoni. Barafu ni neema kubwa: samaki wa maji ya joto akiwekwa mara moja kwenye barafu ya kutosha, takriban kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, huweza kukaa majuma mawili na zaidi akiwa bado mzuri. Lakini ndugu zangu, tuulize barafu ile ilikuwa ya nani. Ilikuja na gari la kiwanda, ikaondoka na samaki wa kiwanda. Mama aliyekuwa akinunua kwa mvuvi moja kwa moja akajikuta anashindana na mwenye gari, na akashindwa.

Minofu ikapakiwa kwenda Ulaya, Israeli, Japani na kwingineko. Mwaloni vikabaki vichwa na mifupa, ambavyo tuliviita mapanki. Watu wetu, ambao hawatupi kitu, wakavikausha na kuvikaanga, wakavila na kuviuza. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, *Darwin's Nightmare*, ilionyesha mapanki hayo kwa ulimwengu, na mwaka 2006 Serikali yetu iliikemea hadharani kwamba imeipotosha nchi. Si lengo langu kuufufua ubishi ule. Nasema tu kwamba mapanki hayakubuniwa na mpiga picha. Waliokula wapo, na baadhi yao wanasoma ukurasa huu. Kichwa cha samaki ni chakula kitamu na si aibu kukila. Swali linalobaki ni kama aliyekila alikuwa amechagua.

Soko la mbali lilileta pia nidhamu ya usafi, na haki itendeke, hilo lilikuwa jema. Mwishoni mwa mwaka 1997 Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wabichi kutoka nchi zetu kwa hofu ya kipindupindu, na katikati ya mwaka 1998 zuio likaondolewa. Mwaka 1999 likaja zuio jingine, zito zaidi, kwa sababu baadhi ya watu walikuwa wakivua kwa kutia sumu ziwani. Fikirini: mtu anatia sumu kwenye maji ambayo mtoto wake anayanywa, ili auze samaki haraka. Matokeo yake mialo ikakosa fedha, na wasio na hatia wakaumia pamoja na wenye hatia. Baada ya hapo zikajengwa sakafu za saruji, meza za kupokelea samaki na maabara za kupima. Ubora wa samaki anayekwenda nje ukasimamiwa. Je, samaki anayebaki kwa ajili yetu anasimamiwa na nani?

Siku hizi mambo yamegeuka tena. Sangara amepungua, na bondo lake, yaani kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni, ambacho zamani kilitupwa, linanunuliwa kwa bei kubwa kwa ajili ya soko la Uchina. Sangara wa chumvi, kayabo, husafiri hadi Kongo. Na katika miaka ya karibuni, kwa uzito, sehemu kubwa zaidi ya samaki wanaotoka ziwani ni dagaa, yule mdogo anayevuliwa usiku usio na mbalamwezi kwa mwanga wa taa.

Dagaa ndiye kitoweo cha maskini kilichobaki. Analiwa mzima, na mifupa yake humpa mtoto madini ya kujenga mwili. Naye amewarudisha akina mama kwenye jua lao. Lakini tazameni anavyoanikwa: mara nyingi mchangani, ambapo kuku, mbwa na mvua vyote vina fungu lao. Akianikwa juu ya uchanja wenye wavu, hewa hupita juu na chini, hukauka mapema, na hana mchanga. Masika yanapoingia bila jua, dagaa huharibika kwa magunia, na wale walioharibika, pamoja na wengi wazuri, hupelekwa kwenye viwanda vya chakula cha mifugo. Kuku wa mjini anakula dagaa. Mtoto wa mwaloni analala na ugali mkavu.

Basi, ndugu, kabla sijafika kwenye jibu la yule mama, niwape ushauri wa nyumbani, maana chakula kilichoharibika hakimpi Mungu utukufu. Ununuapo samaki mbichi, tazama jicho: liwe limejaa na linang'aa, lisizame. Funua shavu: matamvua yawe mekundu, yasiwe ya kahawia. Bonyeza nyama: irudi. Mkinge na jua tangu sokoni. Ukifika, toa matumbo na matamvua mara moja, osha kwa maji safi, na usimwache aloweke ndani ya maji ya vuguvugu. Kama huna barafu, mkaange au mbanike siku hiyo hiyo. Na samaki wa maji baridi aivishwe vizuri mpaka mfupani, kwa sababu anaweza kubeba minyoo wanaomdhuru mwanadamu.

Sasa jibu. Mama yangu, nilikuambia kwamba sheria ya Kanisa inaruhusu samaki, na hilo ni kweli. Lakini historia hii inanifundisha kwamba nilipaswa kuongeza neno. Anayeketi hotelini siku ya Ijumaa kula sato mzima wa kuchoma, na kinywaji baridi pembeni, hajavunja sheria. Ila ameiacha roho yake mlangoni. Kujinyima kwetu kungekuwa na maana zaidi kama Ijumaa tungekula dagaa, na tofauti ya bei tukaipeleka kwa jirani asiye na kitoweo. Au kama kigango cha mwaloni kingechangiwa mbao na nyavu za vichanja, ili kazi ya wale akina mama isilale mchangani.

Injili ya Yohane, katika sura ya mwisho, inatuonyesha Bwana Mfufuka ufukweni alfajiri, amewasha makaa, ameweka samaki juu yake, anawaita wavuvi waliochoka waje wale. Wavuvi wenyewe ndio waliokuwa wa kwanza kula. Tuyatafakari hayo tunapopita mwaloni.

Nawatakia nyote Dominika njema. Paroko wenu.