Kiazi na Ndugu Yake wa Porini

Bakajani chelewa ni ugonjwa unaoogopwa na kila mkulima wa kiazi mviringo. Kimelea chake, Phytophthora infestans, kilihesabiwa muda mrefu kuwa ukungu, ingawa kwa nasaba kiko karibu zaidi na baadhi ya mwani. Kukiwa na baridi na unyevu, doa linaloonekana kama limelowa maji hutokea kwenye jani, na baada ya siku chache shamba zima laweza kuwa jeusi. Kimelea hicho ndicho kilichoozesha viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi.

Kinga ilitafutwa kwanza kwa Solanum demissum, kiazi mwitu cha Mexico kinachoweza kuzalishwa pamoja na kiazi cha shambani. Jeni zake ziliingizwa katika aina nyingi za karne ya 20, lakini kimelea kilibadilika na kuzishinda moja baada ya nyingine. Solanum bulbocastanum, cha Mexico vilevile, kilikuwa na kinga imara zaidi. Tatizo ni kwamba mmea huo una kromosomu 24 na kiazi cha shambani kina 48, na ni vigumu mno kupata mbegu hai kwa kuvichavusha pamoja. Waholanzi walipita njia ya mzunguko, wakatumia spishi nyingine kama madaraja. Aina za Bionica na Toluca zilipatikana baada ya miongo kadhaa.

Maabara ilikuwa na njia nyingine. Mwaka 1960, Edward Cocking wa Chuo Kikuu cha Nottingham aliyeyusha kuta za seli za mizizi ya nyanya kwa vimeng'enya, zikabaki seli zilizofunikwa na utando mwembamba tu. Mwaka 1972 watafiti wa Marekani waliunganisha seli za namna hiyo za aina mbili za tumbaku, wakapata mmea kamili. Mwaka 1978 Georg Melchers wa Ujerumani aliunganisha kiazi na nyanya. Mmea huo ulivuma sana, ila kwa mlaji haukuwa na faida yoyote.

Faida ilionekana Wisconsin, Marekani. John Helgeson na wenzake walichukua seli za majani ya S. bulbocastanum na za kiazi, wakazivua kuta, wakazichanganya katika polietilini glaikoli, kemikali inayozifanya zigandamane hadi ziungane. Seli mpya hujijengea ukuta, hugawanyika, huwa donge, na donge huchipua. Miche yao ilikuwa na kromosomu 72, na kinga ilikuwamo. Ilichavushwa kwa chavua za aina za Katahdin na Atlantic ili irudi kuwa kiazi cha kawaida. Mwaka 1996, katika shamba lisilopigwa dawa lililovamiwa vikali na bakajani, nasaba mbili za uzao huo zilitoa kilo 1.36 na 1.32 kwa shina. Aina ya Russet Burbank ilitoa kilo 0.86.

Nasaba hizo ndizo zilizowaongoza watafiti hadi kwenye jeni yenyewe ya kinga, RB, iliyotangazwa mwaka 2003. Tangu hapo haikulazimu tena kuunganisha seli nzima. Kituo cha Kimataifa cha Viazi na shirika la utafiti la Uganda, NARO, waliingiza RB na jeni nyingine mbili za viazi mwitu katika aina ya Victoria, ambayo Kenya huitwa Asante. Katika majaribio ya Uganda, viazi hivyo vilisimama bila dawa ya ukungu.