Walionusurika Oktoba: Fasihi ya Belarus chini ya Wasovieti

Nembo ya Jamhuri ya Kisovieti ya Belarus iliyopitishwa mwaka 1927 ilibeba wito wa kuwataka wafanyakazi wa nchi zote waungane. Wito huo uliandikwa kwa lugha nne: Kibelarusi, Kirusi, Kiyidi na Kipolandi. Haukuwa pambo tupu. Serikali iligharamia shule, magazeti na vitabu kwa lugha hizo, na abiria aliyeshuka treni Minsk alilisoma jina la mji kwa zote nne. Mwaka 1938 Kiyidi na Kipolandi vikafutwa kwenye nembo. Wakati huo wengi wa waliokuwa wakiandika mashairi na riwaya mjini humo, kwa Kiyidi na kwa Kibelarusi, walikuwa tayari wako kaburini au kambini.

Kibelarusi kilikuwa lugha ya kijijini. Chini ya mfalme wa Urusi kilidharauliwa kama lahaja ya wakulima, na gazeti la Nasha Niva lililoanza Vilnius mwaka 1906 ndilo lililowapa jukwaa Yanka Kupala na Yakub Kolas, washairi wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 1882. Mkataba wa Riga wa 1921 uliigawa nchi yao, magharibi kwa Poland na mashariki kwa Wasovieti, na kwa miaka michache upande wa mashariki ulionekana umepata bahati. Vijana wa chama cha Maladniak walimwaga mashairi ya mapinduzi, mengi yao, kusema kweli, makelele matupu. Waliochoshwa na makelele hayo walijitenga mwaka 1926 wakaunda Uzvyshsha, wakidai ubora kwanza.

Jarida la Uzvyshsha ndilo lililoanza kuchapisha, mwaka 1929, riwaya ya Andrei Mryi kuhusu Samson Samasui, kiongozi wa utamaduni wa wilaya ambaye kichwa chake ni debe tupu lakini mdomo wake umejaa kaulimbiu. Msomaji yeyote aliyewahi kukalishwa juani akimsubiri mgeni rasmi aje asome hotuba asiyoielewa atamtambua Samson mara moja. Wakubwa nao walimtambua, na uchapishaji ukakatizwa. Mryi alikamatwa mwaka 1934 na hakuiona riwaya yake ikiwa kitabu.

Upepo ulikuwa umegeuka tangu 1930. Wasomi walikamatwa kwa mkupuo, wakidaiwa kuwa na chama cha siri cha kuikomboa Belarus, chama ambacho kilikuwapo katika majalada ya polisi tu. Kupala, mshairi wa taifa kwa cheo rasmi, alihojiwa kwa siku nyingi, na mwezi Novemba alijaribu kujiua. Alipona, akaandika barua ya kujilaumu iliyochapwa gazetini, na kuanzia hapo akaimba sifa alizotakiwa kuimba. Mwaka 1933 ikatoka amri ya kurekebisha tahajia na sarufi ya Kibelarusi ili isogee karibu na Kirusi. Hata herufi zilikuwa na kesi ya kujibu.

Mwezi Septemba mwaka huohuo serikali mbili zilibadilishana wafungwa mpakani. Wasovieti walimtoa Frantsishak Aliakhnovich, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa mfungwa wa visiwa vya Solovki. Poland ilimtoa Branislau Tarashkievich, mtunzi wa sarufi ya Kibelarusi ya 1918, ileile iliyokuwa ikirekebishwa. Aliakhnovich alipofika Vilnius aliandika kumbukumbu zake, mojawapo ya vitabu vya mwanzo duniani kuzieleza kambi za Kisovieti kutoka ndani. Tarashkievich alikwenda kuishi Moscow. Mwaka 1938 walimpiga risasi.

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Oktoba 1937, katika gereza la ndani la polisi wa siri mjini Minsk, gereza ambalo wenyeji wanaliita Amerikanka, waliuawa zaidi ya watu 100 wa tabaka la wasomi na viongozi. Zaidi ya 20 kati yao walikuwa waandishi: Ales Dudar, Mikhas Zaretski, Valery Marakou, Yuli Taubin, Todar Kliashtorny, na pamoja nao Izi Kharik na Moyshe Kulbak walioandika kwa Kiyidi. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo, na huu uliwanasa hata walioushangilia. Mikhas Charot, mkomunisti wa dhati, alikuwa ametunga shairi mwaka 1930 akitaka wenzake waliokamatwa wahukumiwe vikali, na yeye awe wa kwanza kutia sahihi. Alikufa usiku uleule na wengine.

Kisha ikaja vita, iliyoua zaidi ya Wabelarusi milioni mbili. Kupala hakuuona mwisho wake. Tarehe 28 Juni 1942 alianguka kwenye ngazi za Hoteli Moskva, mjini Moscow, na mpaka leo watu wanabishana kama aliteleza au alisukumwa. Kolas aliishi hadi 1956, akiwa na tuzo kifuani.

Ushindi dhidi ya Wajerumani haukulegeza kamba. Larysa Hienijush, mshairi aliyekuwa akiishi Prague na kutunza nyaraka za serikali ya Belarus iliyokuwa uhamishoni, alikamatwa mwaka 1948 akahukumiwa miaka 25. Huko kambini, kaskazini kabisa, karatasi ilikuwa hatari, hivyo wafungwa wenzake walizihifadhi beti zake kichwani. Alipoachiwa mwaka 1956 alikwenda kuishi na mumewe, daktari, katika mji mdogo wa Zelva. Akakataa kuchukua uraia wa Kisovieti, na hakuuchukua hadi alipofariki mwaka 1983. Katika historia hii yote sijui ukaidi mtulivu kuliko huo.

Lakini wengi hawakuwa na ubavu wa Hienijush, wala fasihi haiwezi kuishi kwa ukaidi wa mtu mmoja. Ilihitaji mlango ambao dola yenyewe isingeweza kuufunga. Mlango huo ulikuwa vita. Belarus ilisifiwa rasmi kama nchi ya wapiganaji wa msituni, na kila mwandishi aliruhusiwa, hata kuhimizwa, kuandika habari zao. Dola haikutarajia kwamba mtu angeingia kwa mlango huo na maswali.

Vasil Bykau, mtoto wa wakulima wa mkoa wa Vitebsk, aliyajua mauti kwa karibu. Mwaka 1944 alijeruhiwa Ukraine, wazazi wake wakapelekewa taarifa kwamba amekufa, na jina lake likaandikwa kwenye kaburi la pamoja. Vitabu vyake ni vifupi, watu wachache, siku moja au mbili, theluji. Majenerali hawamo. Mwaka 1965 alichapisha Wafu Hawasikii Maumivu, ambamo askari wa zamani aliyepoteza mguu anakutana, miaka ishirini baada ya ushindi, na mtu anayefanana sana na ofisa wa upelelezi aliyewatesa wenzake vitani kuliko adui. Magazeti ya Chama cha Kikomunisti yalimrarua. Kitabu kikabaki kabatini kwa miaka mingi, na nyumbani kwake Grodno mawe yalivunja madirisha.

Mwaka 1970 ikatoka Sotnikov. Mbegu yake Bykau aliipata mwaka 1944 nchini Romania, alipomwona katika kundi la mateka askari mwenzake waliyedhani amekufa kishujaa, kumbe alikuwa amevaa sare za upande wa pili. Katika riwaya wapiganaji wawili wanatoka msituni kutafuta chakula. Rybak ni mkakamavu, mwerevu, mwema hata. Anambeba mwenzake mgonjwa mgongoni. Sotnikov anakohoa na ni mzigo. Wanakamatwa. Mgonjwa anakataa kusema na kupelekwa kitanzini. Mzima anakubali kuwa polisi, kwa siku chache tu, anajiambia, mpaka apate mwanya wa kutoroka, na kazi yake ya kwanza ni kuvuta gogo lililo chini ya miguu ya Sotnikov. Baadaye anaingia chooni ajinyonge, anakuta mshipi wake ulichukuliwa gerezani.

Nadhani hakuna msomaji wa Minsk aliyepita umri wa miaka arobaini aliyeamini kwamba habari hii iliwahusu Wajerumani peke yao. Nani hakumjua Rybak, mtu mwema aliyesaini karatasi moja ili aokoke? Larisa Shepitko aliifanya filamu, na ilipotaka kukwama kwa wakaguzi, iliokolewa na Piotr Masherau, mkuu wa Chama wa Belarus, aliyelia alipoitazama. Mama yake mwenyewe aliuawa na Wajerumani. Mwaka 1977 filamu hiyo ilitwaa Dubu wa Dhahabu mjini Berlin.

Ales Adamovich, aliyekuwa mpiganaji wa msituni ujanani, alikwenda mbali zaidi akaiweka hadithi kando. Pamoja na Yanka Bryl na Uladzimir Kalesnik alizunguka vijijini na kinasa sauti, wakawarekodi walionusurika katika vijiji vilivyochomwa pamoja na watu wake. Kitabu chao, cha 1975, ni sauti za hao tu, wengi wao wanawake wazee. Svetlana Alexievich, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, humtaja Adamovich kama mwalimu wake. Yeye huandika kwa Kirusi.

Hilo nalo lina historia. Mwaka 1959 Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, alisimama Minsk akawaambia wenyeji kwamba kadiri watakavyowahi kusema Kirusi ndivyo watakavyowahi kuufikia ukomunisti. Sheria mpya ya elimu iliwaachia wazazi wachague lugha ya shule, na mzazi anayemtakia mwanawe chuo na kazi alichagua ile yenye mkate. Kufikia miaka ya 1980 Minsk haikuwa na shule hata moja iliyofundisha kwa Kibelarusi. Bykau alisomwa kote Muungano wa Kisovieti, ila kwa Kirusi, na kwa kuwa tafsiri za wengine zilimchosha akaanza kujitafsiri mwenyewe. Uladzimir Karatkevich alipambana kwa njia nyingine: alitunga riwaya za mizimu, mabwana wa kale na uasi wa 1863 dhidi ya mfalme wa Urusi, vijana wakazisoma kwa uhondo, na wengine wakaanza kusema Kibelarusi mitaani kwa makusudi.

Gazeti la waandishi, Litaratura i Mastatstva, ambalo katika miaka ya 1930 liliwaanika waandishi kama maadui wa watu, tarehe 3 Juni 1988 lilichapisha makala ya Zianon Pazniak na Yauhen Shmyhaleu kuhusu Kurapaty, nje kidogo ya Minsk, kwenye makaburi ya halaiki ya waliopigwa risasi na polisi wa siri. Mwaka huohuo Samson Samasui naye akatoka kabatini, miaka 59 baada ya kukatizwa, akiwa kitabu kizima.