Kuotea: Kificho cha Mwindaji katika Historia ya Msamiati wa Kiswahili

Historia ya uwindaji katika Afrika ya Mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata silaha. Mshale, mkuki na bunduki huhifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Kificho cha matawi huoza msimu uo huo kilipojengwa. Kwa hiyo mwenye kutaka kuuchunguza ufundi huu hana budi kuutafuta katika lugha.

Kiswahili hutofautisha namna mbili za kumkabili mnyama. Anyemeleaye humwendea, aoteaye hutulia, akamngoja amjie. Tofauti hii si ya maneno matupu. Mwenye kuotea kanga au paa hujificha kando ya njia ya maji, mahali ambapo upepo hauchukui harufu yake kwenda kwa mnyama. Hutumia matawi ya miti ya papo hapo, maana jani geni hujulikana, na huyabadilisha yanyaukapo. Kanga huonywa na macho, paa na pua. Kificho chema sharti kiwashinde wote wawili. Tena kisichanganywe na dungu, jukwaa la mlinzi wa shamba. Mlinzi hutaka kuonekana na kusikika ili ndege waruke. Mwoteaji hutaka kinyume chake.

Ufundi huu haukuwa masalio ya kale tu. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwakuta Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi, Tanzania, wakiotea wanyama usiku mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa yamebaki mahali pachache.

Nchini Kenya mambo yalikwenda njia nyingine. Sheria za wakati wa ukoloni zilimfanya mwindaji asiye na leseni kuwa jangili, na mwezi wa Mei 1977 Serikali ikapiga marufuku uwindaji. Neno lenyewe lina kazi nyingine uwanjani: katika kandanda, aliyeotea ni mchezaji aliyetangulia kwenye lango kuungoja mpira, kama mwindaji angojeavyo windo.

Neno limepona, lakini maana iliyolizaa inafifia. Kukusanya msamiati wa waoteaji si kutetea ujangili. Ni wajibu wa watunga kamusi kuwauliza wazee wa Kigiriama, Kitaita na Kikamba, pamoja na Waswahili wenyewe, majina ya sehemu na kazi za kificho. Wazee wakiondoka, kamusi itabaki na maana ya uwanjani peke yake.