Jinsi wakulima wa Ulaya wanavyokinga miti ya matunda dhidi ya sakitu

Mkulima wa matunda barani Ulaya huogopa usiku mmoja wa Aprili kuliko majira yote ya baridi. Mti usio na maua huhimili baridi kali mno, lakini ua la tufaha lililochanua huanza kudhurika halijoto inaposhuka hadi nyuzi 2 chini ya sifuri. Ikifika nyuzi 4 chini ya sifuri, karibu maua yote hufa, na mavuno ya mwaka huo huwa yamekwisha.

Chanzo ni sakitu, ile baridi igandayo majanini ambayo hata wakulima wa majani chai wa Kericho wanaifahamu. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake. Hewa baridi hutulia chini, na yenye joto kidogo ikabaki juu. Hapo hutumiwa feni kubwa, zilizosimikwa juu ya minara ya takriban mita 10, kuiteremsha hewa hiyo ya juu. Wengine huwasha mamia ya mishumaa mikubwa kwa kila hekta, gharama ambayo si kila mfuko unaimudu.

Njia inayoshangaza wengi ni kuinyunyizia miti maji. Maji yanapoganda hutoa joto, hivyo ua lililofunikwa na barafu husalia karibu na nyuzi sifuri, mradi maji yasikatike. Pampu ikizimika usiku wa manane, maji yanayovukiza hulinyang'anya ua joto, na hasara huweza kuzidi ya mti ambao haukunyunyiziwa kabisa. Kwa hivyo kazi huendelea mpaka jua lichomoze na barafu ianze kuyeyuka.

Upepo wa baridi unapovuma, feni hazina hewa ya joto ya kuteremsha, nalo joto la mishumaa hupeperushwa. Nchini Ufaransa, joto lisilo la kawaida mwishoni mwa Machi 2021 liliharakisha miti kuchipua. Wiki moja baadaye baridi iliangamiza aprikoti na pichi za bonde la Rhône pamoja na mizabibu ya maeneo mengi. Serikali ilitangaza msaada wa Euro bilioni moja.

Wanaopanda upya hushauriwa kuchagua aina zinazochelewa kuchanua, na kuepuka mabonde, ambako hewa baridi hutiririka na kutuama kama maji.